Mikono ya Wateja: Shajara ya Mradi wa Negativu za Studio, Tanga

8 Februari

Masanduku ya mwisho yameshuka kutoka darini, kwa hiyo sasa tunajua tulicho nacho. Ni negativu, yaani filamu zilizosafishwa ambazo picha huchapwa kutoka kwake, za studio moja ya mtaa wa Ngamiani iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kufa taratibu, pale filamu za rangi na maduka ya kusafisha picha kwa mashine yalipoinyang'anya wateja. Nyingi ni za filamu ya 120, picha 12 kwa mkanda, mraba wa sentimita 6 kwa 6. Zimekatwa tatu tatu, zikafungwa kwa karatasi ya kaki na kupangwa ndani ya maboksi ya viatu. Familia imeomba jina la marehemu lisitajwe hadi maonyesho yafunguliwe. Humu ataitwa Mzee, kama wanavyomwita wenyewe.

Mradi ni mdogo: kuskani, kuchapa picha chache, kuzitundika. Tuko watatu. Kuna mimi ninayeandika, mwenzangu aliyesomea sanaa ambaye atachagua na kutundika, na kijana wa skana. Kauli ya mwisho ni ya binti mkubwa wa Mzee. Kabla ya kutukabidhi ufunguo wa chumba ametuuliza, "Mnataka kumfanya baba yangu msanii? Maana yeye alikuwa anafanya biashara."

Mwenzangu alicheka. Mimi nimelibeba swali hilo nyumbani, na nadhani ndilo litakaloamua nini kinakaa ukutani.

15 Februari

Wiki ya harufu. Maboksi ya chini kabisa yananuka siki, maana yake plastiki ya filamu, ile ya asetati, imeanza kuoza na kutoa asidi. Ikiachwa pamoja na nyingine nazo huharibika upesi zaidi. Tumeyatenga na vifuko vya kunyonya unyevu, nayo yataskaniwa kwanza. Ukungu upo pia. Hii ni pwani. Hatuoshi chochote kwa maji, ni brashi laini na pampu ya hewa basi.

Tunaskani kwa 2400 dpi, yaani nukta 2400 kwa kila inchi. Kwa negativu ya ukubwa huu inatosha kuchapa mraba wa sentimita 40 na ushei bila picha kuvunjika, na sioni nani atahitaji kubwa kuliko hiyo. (Mwenzangu anahitaji. Tutafika huko.)

1 Machi

Daftari za risiti zimepatikana kwenye kabati la vyombo! Mzee alikuwa akikwaruza namba ya risiti kwa sindano ukingoni mwa negativu, kwa hiyo kila uso sasa una malipo yake: nakala ngapi, ukubwa gani, za kazi gani. Sehemu kubwa ni picha za paspoti na vitambulisho. Wanafuata maharusi, watoto waliotimiza arobaini, mabaharia, na vibarua wa mashamba ya mkonge waliotaka picha ya kutuma kwao.

Wapo pia mabinti wa mwaka 1969 na 1970 wenye gauni juu ya magoti. Wakati huo Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala, ulikuwa umeshatangaza Operesheni Vijana, kampeni dhidi ya mavazi kama sketi fupi, na vazi kama hilo lilitosha kumletea mtu balaa njiani. Binti mkubwa anasema nyuma ya mlango wa studio palikuwa na msumari wa kutundikia kanga. Msichana anafika kajifunga, anaitundika, anapigwa picha, anajifunga tena, anaondoka zake.

Naliandika hili kwa ajili ya haki. Gauni, ule ubishi wa machoni, wazo lenyewe la kuja kupigwa hivyo, vyote ni mali ya mteja. Anayetaka kumwita Mzee msanii na atoe kwanza kila kitu ambacho mteja aliingia nacho mlangoni, halafu aone kinachobaki.

Kinachobaki, hadi leo, ni mikono. Kijana wa skana ndiye aliyeiona. Picha ya paspoti huishia mabegani, lakini Mzee alipiga hadi mapajani na kukata baadaye wakati wa kuchapa. Kwenye negativu nzima mikono ipo, na unaona kabisa kwamba imepangwa. Huyu ameshika kifundo cha mkono wake wa pili. Yule kalaza kiganja juu ya goti, vidole vimefunguka kidogo. Mama mmoja amepewa ncha ya mtandio wake aishike. Wako mamia, na hakuna hata mmoja aliyekuja kuiona mikono hiyo kwenye picha aliyoilipia.

9 Machi

Tumekwenda kwa Bibi, mjane wa Mzee. Baada ya shikamoo na chai nimemwekea picha za skana mezani na kumuuliza habari ya mikono. Nilikuwa nimejiandalia jibu zuri la kifalsafa. Yeye akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini mlango una bawaba.

"Mtu akiingia studio mikono inamzidi, hajui aipeleke wapi. Mkono ukikaza, shingo inakaza, uso unakuwa wa mtu anayedaiwa. Basi ukiupa mkono kazi, uso unarudi kwa mwenyewe. Ndiyo unapiga."

Ndipo ikajulikana, kama jambo la kawaida tu, kwamba kwa miaka mingi chumba cha giza kilikuwa chake. Mzee alikuwa na pumu na dawa zilimkaba kifua. Bibi ndiye aliyesafisha filamu, akachapa, akapaka rangi kwa brashi midomo, maua na dhahabu za maharusi. Hakuna risiti inayosema hivyo.

Njiani mwenzangu alikuwa amenyong'onyea. "Kumbe ni ujanja wa kazi tu," alisema. Hapo tumepishana. Kwanza ujanja huo si mdogo. Pili, kuna kesi ya zamani inayougusa karibu neno kwa neno. Mwaka 1882 mwandishi Oscar Wilde alikuwa Marekani akizunguka kuhutubia, akapigwa picha New York katika studio ya Napoleon Sarony. Kampuni ya uchapaji iitwayo Burrow-Giles ikatoa nakala 85,000 za picha mojawapo bila ruhusa, na iliposhtakiwa ikajitetea kwamba picha hutokana na mashine na kemikali, haina mtunzi wa kudai chochote. Mwaka 1884 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaukataa utetezi huo. Majaji hawakujishughulisha na kamera. Walitaja yaliyofanyika kabla yake: Sarony alivyomkalisha mtu, alivyochagua na kupanga mavazi na mapazia, alivyogawa mwanga na kivuli, na alivyouamsha uso hadi ukatoa sura aliyoitaka. Sarony mwenyewe alizoea kumwachia msaidizi kamera, akashughulika na aliyekaa mbele yake. Hilo la mwisho, la kuuamsha uso, Bibi ametueleza linavyofanyika: unaanzia kwenye mkono.

Lakini kesi hiyo ina mpaka wake, na sitaki kuitumia kupita kiasi. Mahakama ilikuwa inatafuta mwenye haki ya kuuza nakala. Kwa hesabu hiyo kila aliyewahi kupanga mtu mbele ya pazia ni mtunzi, hata yule aliyenipiga mimi ya kitambulisho nikaonekana mtoro wa jela. Kujua kupanga ni sharti. Bado haijatuambia kwa nini kazi ya huyu tuitundike na ya yule tusiitundike.

22 Machi

Ugomvi wa ukubwa umefika, kama ilivyotarajiwa. Mwenzangu anataka picha chache za mita moja na zaidi, ukuta mzima mtu mmoja. Hoja yake ni Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali, na ni hoja nzito, kwa hiyo naiandika yote.

Keïta alifungua studio yake Bamako mwaka 1948, akaiendesha hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 serikali ya Mali ilipomchukua awe mpiga picha wake. Kamera yake ilitumia negativu za sentimita 13 kwa 18, na kwa kawaida mteja aliondoka na picha ya ukubwa huohuo. Alipenda mwanga wa jua wa uani. Mara nyingi alipiga mara moja tu kwa mteja, kwa sababu filamu ni fedha. Pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitandani kwake. Kwa kuwa alikuwa akilibadilisha pazia kila baada ya miaka michache, uzeeni aliweza kukutajia wakati wa picha kwa kuangalia nyuma ya mtu. Mwaka 1991 baadhi ya picha zake zilionyeshwa New York katika maonyesho ya sanaa za Afrika, na maelezo yakasema mpiga picha hajulikani. Mwaka 1994 jina lake lilikuwa mlangoni Paris, kwenye Fondation Cartier, jumba la sanaa ya kisasa, maonyesho yake peke yake, na picha zimekuzwa sana.

Picha ni zilezile za miaka ya 1950. Kilichobadilika ni karatasi, ukubwa, ukuta na jina.

Mwenzangu anasema: unaona, ukuta ndio uliofanya kazi. Mimi nasema ukuta uliwafanya watu wa Paris waangalie, na hilo ni jambo jingine. Yule mwanamke wa Keïta aliyejilaza kwa kiwiko, gauni la madoido juu ya shuka la madoido, mpaka jicho linatafuta mwili unaishia wapi na kitambaa kinaanzia wapi: hilo lilikuwepo kwenye picha ya kutia kwenye bahasha. Aliyelipanga alilipanga akijua litatazamwa likiwa mkononi, kwa karibu.

Halafu akanitolea kadi yake ya mwisho. Keïta mwenyewe alisimulia siku alipoziona picha zake zimechapwa kubwa kwa mara ya kwanza, safi, hazina doa, na akasema hapo ndipo alipojua kazi yake ni nzuri kwelikweli. Nikinyamaza hapa si kwa kushindwa tu. Kama mwenye kazi aliyefanya miaka yote ile alihitaji kuiona kubwa ndipo ajue, nani mimi nimwambie ukubwa si kitu?

Tulichokubaliana: sentimita 40, basi. Pembeni ya kila moja tunaweka nakala ya ukubwa alioununua mteja, kwenye rafu, watu waishike mkononi. Mwenzangu hajaridhika, na amepewa ukuta mmoja wa kufanyia apendavyo.

2 Aprili

Umeme. Fundi fremu kapandisha bei ya vioo. Hakuna la maana.

13 Aprili

Ule ukuta mmoja umezaa swali. Mwenzangu anataka kuweka mikono peke yake: kata nyuso, bakiza viganja na mapaja, panga safu kwa safu. Nimeona jaribio lake kwenye kompyuta na linavutia mno, ndiyo maana limenitia wasiwasi.

Limenikumbusha Gulu. Kaskazini mwa Uganda kuna studio iliyoitwa Gulu Real Art Studio, alipofanya kazi Obal Denis. Mashine yake ya picha za vitambulisho ilitoa nne kwa mkupuo, na wateja wengi hawakuhitaji nne. Ikawa nafuu kumpiga mtu picha ya kawaida, ukakata mraba wa uso na kumpa, na mabaki ukayaweka kando. Mpiga picha Mtaliano, Martina Bacigalupo, aliyakuta mabaki hayo: watu waliokaa vizuri, mikono mapajani, mtoto kapakatwa, na pale penye uso ni tundu la mraba. Aliyakusanya, na mwaka 2013 yakaonyeshwa New York katika ukumbi wa Walther Collection, mkusanyo wa picha, yakatolewa na kitabu. Ukiyatazama unajua mengi kuhusu watu wa mji uliotoka vitani, tena bila uso hata mmoja.

Msanii wa kazi ile ni nani? Obal Denis alikaa nyuma ya kamera, lakini kwake mabaki yalikuwa mabaki. Bacigalupo hakupiga hata moja, aliona. Naona kuona kule ni sanaa kamili, ila ni sanaa yake Bacigalupo. Tukikata nyuso za wateja wa Mzee tutapata maonyesho mazuri, na yatakuwa ya mwenzangu. Mzee hakupanga mikono ili itazamwe bila uso. Aliipanga kwa ajili ya uso.

Kwa hiyo picha za paspoti zitatundikwa negativu nzima, na mstari wa penseli mahali alipokata. Mtazamaji ataona alichouza na alichokiacha nje, vyote kwa pamoja. Mwenzangu ameafiki haraka kuliko nilivyotarajia. Nashuku lile jaribio lake lilikuwa limeanza kumtisha hata yeye.

27 Aprili

Leo ni siku kubwa, na sifa zote ziende kwa kijana wa skana. Bila kutumwa, ameziweka negativu na risiti kwenye jedwali moja, akaona kitu: desturi ya studio ni mteja mmoja, picha moja. Lakini wapo watu waliopigwa mbili. Ile ya pili haina nakala iliyochapwa, haimo kwenye risiti, na hakuna aliyeilipia.

Ukizitoa hizo za pili na kuzipanga peke yake, ni kama umeingia studio nyingine. Pazia lenye minazi limevutwa pembeni. Unaona ukuta mtupu wa chokaa, mguu wa taa, waya, mara nyingine ndoo. Mteja hajapangwa tena. Ameshaambiwa "tayari" na bado yuko kwenye kiti. Kuna kuli wa bandarini ameanza kufungua kola. Kuna bibi wa Kimakonde mwenye ndonya anamgeukia mtu aliye nje ya picha na kumwambia neno. Mikono hapa imeachwa ijiendee yenyewe. Mtu aliyetumia maisha yake kuipa mikono kazi, hapa anaipumzisha na kupiga.

Tukampelekea Bibi. Akasema, "Hizo ni za kumalizia mkanda." Inaingia akilini: filamu haitolewi kamerani hadi mkanda uviringike wote, na mteja anataka picha yake Ijumaa, basi unapiga chochote ili iishe. Kijana akarudi kwenye jedwali kuangalia nafasi ya kila moja. Nyingine ni ya 4 kwenye mkanda, nyingine ya 7. Baada yake wanafuata wateja wa kawaida, kwa hiyo mkanda ulikuwa bado haujaisha. Na hazikukoma hata mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, enzi za foleni, wakati bidhaa za kutoka nje ziliadimika na filamu ikawa kitu cha kubembeleza. Picha za harusi zinapungua, hizi zinaendelea.

Kwangu mimi swali la Februari limepata jibu, au sehemu yake kubwa. Huyu alikuwa na kitu anachokifuata, akakifuata kwa miaka, kwa gharama yake, kwa namna moja inayotambulika. Mwenzangu bado anabisha kidogo. Anasema msanii hasa ni kama Omar Said Bakor, mpiga picha wa Lamu, aliyechezea picha chumba cha giza mpaka sura ya mtu ikachomoza ndani ya ua. Pale hata mtoto anaona kwamba kuna mtu ameamua. Kweli, kwa Bakor picha moja inatosha. Kwa Mzee picha moja haikuambii kitu. Ukiokota ile ya kuli mtaani utadhani kidole kiliteleza. Lazima uone nyingi, na uone pazia likivutwa kila mara, ndipo ukubali kwamba si bahati. Hii ni shida ya kutundika, si dosari ya kazi. Wapo wasanii wa picha moja na wapo wa kabati zima, na wa kabati zima hupotea kirahisi zaidi kwa sababu warithi huanza kwa kutupa zinazofanana.

Zimepata ukuta mrefu, jozi kwa jozi: iliyolipiwa kushoto, ile nyingine kulia.

11 Mei

Maelezo ya ukutani yamekamilika. Kila picha itakuwa na mstari wa aliyepiga, na chini yake mstari wa aliyesafisha na kuchapa, ambao kwa miaka mingi ni jina la Bibi. Zilizopakwa rangi, jina lake linatangulia. Alipoambiwa alisema tunamsumbua, kisha akauliza litaandikwa kwa herufi kubwa kiasi gani.

Msaidizi wa studio wa miaka ya mwisho tumempata, yuko Muheza. Baadhi ya picha za baada ya 1980 ni zake, amezitambua mwenyewe kwa namna taa ilivyokaa, naye ataandikwa. Za pili, zile za pazia pembeni, anasema hakuruhusiwa kupiga hata moja.

Ruhusa za waliomo zinaendelea kutafutwa, nyumba kwa nyumba. Walio hai na wanaotambulika wanaulizwa wenyewe. Waliofariki, watoto wao. Mmoja wa mabinti wa 1970, sasa mama mtu mzima mwenye wajukuu, ameikataa ya gauni fupi na tumeitoa. Mwingine ameomba iwe mlangoni.

Binti mkubwa amekuja kusoma maelezo yote, ameketi nayo muda mrefu. Ameridhia, kwa sharti moja ambalo hatukulitegemea: risiti zitundikwe. Kila picha iliyolipiwa iwe na risiti yake pembeni, shilingi na senti zionekane. "Na zile za pili?" nikamuuliza. Hizo, akasema, wekeni fremu ya risiti tupu.

Mwenzangu ameshaenda kwa fundi kuongeza fremu ndogo. Vioo havitatosha, kwa hiyo za risiti zitakuwa za plastiki ngumu. Kutundika kunaanza Alhamisi, tukianza na ukuta mrefu, maana jozi zikikosewa mpangilio kazi yote inarudi mwanzo. Yale maboksi yanayonuka siki yanabaki na kijana wa skana; bado hajayamaliza.